Ukadiriaji wa chaneli za redio pale osileta inapokosea awamu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa msomaji anayezijua namba changamano na misingi ya mawasiliano yasiyotumia waya, ila hajapata nafasi ya kuangalia kwa karibu kinachotokea pale osileta za redio, yaani saketi zinazotengeneza mawimbi yake, zinapoyumba. Hesabu nyingi zinatumia osileta moja ya mfano, isiyofungwa kwenye kitanzi chochote, yenye upana wa mstari (upana wa kilele cha wigo wake, kipimo cha jinsi awamu inavyotangatanga) wa hezi 100, ili majibu yaweze kulinganishwa.

Tatizo lenyewe ni nini?

Kipokezi hakiwezi kuisoma data kabla ya kujua safari ya hewani imeifanyia nini ishara: imeipunguza nguvu kiasi gani, na imeizungusha kwa pembe gani. Mambo hayo mawili huandikwa pamoja kama namba moja changamano, h, nayo ndiyo chaneli. Ili kuipata, kitumaji hutuma alama elekezi, yaani alama ambazo pande zote mbili zinazijua tangu awali. Kipokezi hugawanya kilichopokelewa kwa kilichotumwa, na jibu linakuwa makadirio ya h.

Utaratibu huo unachukulia kwamba kipimo cha pembe hakitikisiki. Lakini pembe hupimwa kwa kulinganishwa na wimbi la osileta ya kipokezi, na wimbi hilo huyumba, kama linavyoyumba lile la kitumaji. Kwa hiyo kinachopatikana si h, bali ni h iliyozungushwa kwa pembe θ, ambayo ni jumla ya makosa ya awamu ya osileta zote mbili. Data inapofika muda mfupi baadaye, h inaweza kuwa ile ile kabisa ilhali θ imeshasogea, na makadirio yaliyokuwa sahihi wakati wa kupimwa yanakuwa yamepitwa na wakati bila chochote kubadilika hewani.

Kosa la awamu hutoka wapi?

Osileta ni saketi inayojiendesha yenyewe, na siri ya udhaifu wake iko hapo. Kelele za joto na za transista zinapoisukuma, msukumo unaobadilisha ukubwa wa wimbi hurekebishwa, kwa sababu saketi ina kiwango chake cha kawaida na hurudi huko baada ya mizunguko michache. Awamu haina kiwango cha kurudia. Ikisukumwa mbele au nyuma inabaki ilipofika, na msukumo unaofuata unaongezwa juu ya uliotangulia. Makosa madogo madogo yasiyofutika hujikusanya, na awamu hutangatanga bila mpaka. David Leeson alitoa mwaka 1966 modeli rahisi ya umbo la wigo wa kelele hizo, ambayo wahandisi wanaitumia hadi leo. Mwaka 2000 Alper Demir, Amit Mehrotra na Jaijeet Roychowdhury walitoa nadharia kamili zaidi, iliyoonyesha kwamba kelele nyeupe huupa wigo wa osileta huru umbo la Lorentz, yaani kilele chenye upana na mabega yanayoshuka polepole, badala ya kilele kisicho na upana.

Masafa ya juu huzidisha tatizo. Masafa yakizidishwa mara N, makosa ya awamu nayo huzidishwa mara N, na nguvu ya kelele huongezeka kwa desibeli 20 log N. Kutoka gigahezi 2.8 hadi 28 ni ongezeko la desibeli 20. Fuwele ya megahezi 10 inapotumiwa kuongoza wimbi la gigahezi 28, kelele zake hupanda kwa takriban desibeli 69, hata kama saketi za katikati hazikuongeza chochote. Hii ndiyo sababu suala ambalo wabunifu wa mitandao ya masafa ya chini waliweza kulipita kimya kimya limekuwa kero kubwa kwenye mawimbi ya milimita.

Je, tofauti ya masafa kati ya kitumaji na kipokezi ni jambo hilo hilo?

Ni ndugu wa karibu, lakini hutibiwa tofauti. Tofauti ya masafa huizungusha awamu kwa kasi moja, hivyo kigezo kimoja kinatosha kuieleza. Kelele za awamu ni mwendo wa nasibu usioweza kutabiriwa kwa kigezo kimoja wala kumi.

Chukua Wi-Fi ya IEEE 802.11a. Kila kifaa kinaruhusiwa kukosea sehemu 20 kwa milioni, ambazo katika gigahezi 5 ni kilohezi 100, na vifaa viwili vikikosea kwa pande zinazopingana, tofauti inafika kilohezi 200. Katika simboli moja (kipande kimoja cha ishara kinachobeba data) ya mikrosekunde 4, awamu inakuwa imezunguka nyuzi 288. Sehemu ya mafunzo iliyo mwanzoni mwa pakiti huondoa karibu yote. Hata hivyo, ikibaki kilohezi 1 tu, hiyo ni nyuzi 1.44 kwa kila simboli, na duara zima ndani ya milisekunde moja. Ndiyo maana kati ya vibebaji vidogo 52 vya simboli hiyo, yaani masafa madogo yanayogawana data, vinne vimetengwa kubeba alama elekezi kila wakati, nazo hufuatilia mabaki ya tofauti ya masafa na kelele za awamu kwa pamoja.

Kama θ huizungusha h tu, kwa nini tusiihesabu kuwa sehemu ya chaneli, yakaisha?

Hili ndilo swali la msingi, na jibu lake lina pande mbili.

Kwa papo moja, hoja hiyo ni sahihi kabisa. Hakuna alama elekezi inayoweza kutenganisha awamu ya h na θ, kwa kuwa zinaingia kwenye kipimo zikiwa zimeshajumlishwa. Anayetafuta awamu halisi ya chaneli anatafuta kitu ambacho vipimo havina, na kwa bahati nzuri hakihitajiki, kwa sababu data nayo hufika ikiwa imezungushwa kwa jumla ile ile. Katika hesabu huwa tunachagua papo moja, kwa kawaida alama elekezi ya kwanza, tunaamua kwamba hapo θ ni sifuri, na mengine yote yanapimwa kutoka hapo.

Muda unapoingia, hoja hiyo inaanza kugharimu, kwa sababu h na θ hubadilika kwa namna mbili tofauti. Tuchukue mtu anayetembea kwa mita 1.5 kwa sekunde akitumia gigahezi 28. Athari ya Doppler, yaani badiliko la masafa linaloletwa na mwendo, inafika hezi 140, kwa hiyo ndani ya mikrosekunde 12 chaneli inaweza kuzunguka kwa nyuzi 0.6 hivi. Osileta yetu ya mfano, kwa muda huo huo, inakuwa na mkengeuko sanifu wa takriban nyuzi 5. Sababu ya pengo hilo ni kwamba mwendo wa nasibu hukua kwa kipeuo cha pili cha muda, na hivyo huwa mkali mwanzoni, ilhali mzunguko wa Doppler hukua sawia na muda. Katika mfano huu mistari miwili hukutana karibu na milisekunde 0.8. Kabla ya hapo osileta ndiyo inayotawala, na baada ya hapo mwendo wa mtumiaji ndio unaotangulia.

Tofauti ya pili ni ya muundo. Chaneli ina ukubwa na awamu, na vyote viwili hutofautiana kutoka kibebaji kidogo kimoja hadi kingine na kutoka antena moja hadi nyingine. Kosa la osileta haligusi ukubwa, na linazungusha kwa pamoja kila kitu kinachotegemea osileta hiyo. Ukivichanganya kuwa kitu kimoja kinachobadilika haraka, utalazimika kupima mamia ya namba upya kila mara, ilhali kilichobadilika kweli ni pembe moja. Kwa maoni yangu, nusu ya ubunifu wa kipokezi kizuri imo katika uamuzi huu: kipimwe mara chache kile kilicho kikubwa na cha polepole, na kifuatiliwe mara nyingi kile kilicho kidogo na cha haraka.

Kelele za awamu huelezwaje kihisabati?

Modeli inayotumika zaidi ni mwendo wa Wiener: awamu ya sampuli inayofuata ni awamu ya sasa kujumlisha namba ya nasibu yenye mgawanyo wa Gauss. Kwa osileta yenye upana wa mstari β, variansi ya mabadiliko ndani ya muda T ni 2πβT. Kwa hezi 100 na mikrosekunde 66.7 tunapata radiani 0.205, yaani nyuzi 11.7. Kwa mikrosekunde 8.33 tunapata nyuzi 4.1.

Modeli hiyo inaifaa osileta iliyoachwa huru, lakini redio nyingi hazina osileta huru. Zina kitanzi cha kufungia awamu, ambacho huilazimisha osileta ifuate fuwele iliyo tulivu zaidi. Ndani ya upana wa kitanzi, kelele zinazotawala ni za fuwele na za saketi za kitanzi chenyewe. Nje yake, osileta hufanya itakavyo. Awamu ya osileta ikilinganishwa na ya fuwele haitangatangi tena bila mpaka, bali huvutwa kurudi katikati. Modeli ya Wiener hubaki kuwa makisio mazuri kwa vipindi vifupi kuliko muda wa kitanzi kujirekebisha, na kwa vipindi virefu huonyesha hali kuwa mbaya kuliko ilivyo. Nimeona ripoti nyingi zinazoichagua kwa sababu ni rahisi kuiandika, kisha zinatoa hitimisho kuhusu pakiti ndefu ambazo modeli hiyo haikustahili kuzizungumzia. Mwenye karatasi ya vipimo vya osileta yake, inayoonyesha desibeli kwa hezi katika umbali mbalimbali kutoka wimbi bebaji, afadhali azalishe kelele zinazolingana na mchoro huo.

Kelele hizo hufanya nini katika OFDM?

OFDM hugawa data kwenye vibebaji vidogo vingi vinavyosafiri kwa pamoja, na vinatenganishwa kwa sharti kwamba hakuna kinachobadilika ndani ya simboli moja. Awamu inayoyumba huvunja sharti hilo kwa namna mbili.

Wastani wa θ ndani ya simboli huvizungusha vibebaji vyote kwa pembe moja. Huu ni mzunguko wa pamoja, na ni mwepesi kuondoa: alama elekezi chache zilizotawanywa kwenye simboli hutoa pembe hiyo, kisha simboli nzima inarudishwa nyuma. Kinachobaki, yaani kuyumba kwa awamu kuzunguka wastani wake, husababisha kila kibebaji kidogo kumwagikia jirani zake. Mwingiliano huu huonekana kama kelele za kawaida, na hauondoki kwa kuzungusha.

Ukubwa wake unaweza kukadiriwa kwa hesabu fupi. Mwendo wa Wiener uliotolewa wastani wake una variansi iliyo moja ya sita ya variansi ya mwisho wa kipindi. Kwa nafasi ya kilohezi 15 kati ya vibebaji vidogo, simboli ina urefu wa mikrosekunde 66.7, na osileta yetu huacha mwingiliano wa desibeli 21.6 chini ya ishara, sawa na kosa la vekta (umbali wa nukta iliyopokelewa kutoka mahali pake sahihi) la asilimia 8.4. Kwa nafasi ya kilohezi 120, simboli ni ya mikrosekunde 8.33, na kosa linashuka hadi asilimia 3.0, yaani desibeli 30.6 chini ya ishara. Viwango vya 3GPP, shirika linaloweka viwango vya mitandao ya simu, kwa vituo vya msingi vinaweka kikomo cha asilimia 8 kwa QAM-64 na asilimia 3.5 kwa QAM-256, ambazo ni namna za kubeba data kwa nukta 64 au 256 zenye ukubwa na awamu tofauti. Osileta ile ile, basi, inashindwa kutuma QAM-64 katika simboli ndefu, lakini katika simboli fupi inaweza kubeba hata QAM-256, ingawa kwa ukingo mwembamba.

Hapo ndipo ilipo sababu mojawapo kubwa ya 5G kuwa na nafasi zaidi ya moja kati ya vibebaji vidogo, kuanzia kilohezi 15 na kuendelea kwa kuzidisha mara mbili, na ya Toleo la 17 la viwango hivyo kuongeza kilohezi 480 na 960 kwa ajili ya masafa yanayofika gigahezi 71. Gharama ni kwamba kipande cha kinga cha mwanzo wa simboli nacho hufupishwa kwa uwiano huo huo, na chaneli yenye mwangwi mrefu inaweza kukipita.

Je, mwingiliano huo wa vibebaji hauwezi kuondolewa kabisa?

Unaweza kupunguzwa. Badala ya kukadiria wastani wa θ peke yake, kipokezi hukadiria pia vijenzi vichache vya chini vya wigo wa mzunguko ndani ya simboli, ambavyo hubeba sehemu kubwa ya nguvu kwa sababu awamu hubadilika polepole kuliko sampuli. Kazi hii huhitaji kujua data ya vibebaji jirani, hivyo hufanywa kwa kurudiarudia: data husomwa kwanza kwa makosa, mwingiliano hukadiriwa, hutolewa, na data husomwa upya. Kwa vifaa vinavyotegemea betri, mara nyingi inalipa zaidi kununua osileta bora.

Nitumie alama elekezi ngapi kupata makadirio mazuri?

Katika vitabu vya mwanzo jibu ni kwamba nyingi ni bora, kwa kuwa wastani wa alama N hupunguza kelele za joto mara N. Awamu ikiwa inatangatanga, jibu hilo hubadilika, maana alama za zamani hubeba awamu ya zamani.

Tuseme uwiano wa ishara kwa kelele ni desibeli 20, na awamu husogea kwa radiani 0.01 kati ya alama moja na nyingine, ambayo ni variansi ya 0.0001. Ukichukua wastani wa alama N zilizopita ili kukadiria awamu ya sasa, kelele za joto huchangia variansi ya 1/(200N), na kutangatanga huchangia takriban 0.0001 × N/3. Jumla huwa ndogo zaidi N ikiwa 12 hivi, na kosa linabaki nyuzi 1.6. Ukiongeza alama kupita hapo, unaharibu. Kwa desibeli 10, idadi bora hupanda hadi karibu 39, maana kelele za joto zimekuwa adui mkubwa zaidi na inafaa kuvumilia kutangatanga kidogo.

Ukiweza kusubiri, mambo hubadilika kwa faida yako. Ukikadiria awamu ya katikati ya dirisha badala ya mwisho wake, mchango wa kutangatanga unakuwa N/12 badala ya N/3. Idadi bora inaongezeka maradufu, na variansi ya kosa inapungua kwa nusu, hadi nyuzi 1.2 hivi. Kwa hiyo kipokezi kinachohifadhi pakiti kwenye kumbukumbu na kuichambua kwa pande zote mbili za muda hupata usahihi ambao kile kinachoamua papo hapo hakiwezi kuufikia.

Kuna hasara nyingine ya wastani mrefu ambayo hutajwa kwa nadra. Namba changamano zilizozungushwa kwa pembe tofauti zikijumlishwa, hufutana kwa sehemu, na makadirio ya h hunywea kuelekea sifuri kwa kiasi cha e kwa kipeo cha −σ²/2, ambapo σ² ni variansi ya awamu ndani ya dirisha. Kipokezi kitaamini kwamba ishara ni dhaifu kuliko ilivyo, na katika QAM, ambamo ukubwa hubeba data, kosa hilo hujitokeza kwenye nukta za nje. Dawa yake ni kurekebisha pembe za alama kwanza, ndipo wastani uchukuliwe.

Ni mbinu zipi za ukadiriaji zinazofaa?

Kwa chaneli inayobadilika polepole, kichujio cha Kalman ndicho mahali pazuri pa kuanzia. Mwendo wa Wiener ni modeli ambayo kichujio hicho kinaielewa moja kwa moja. Ugumu pekee ni kwamba θ huingia kwenye kipimo kupitia kipeo changamano, kwa hiyo hutumika toleo lililopanuliwa, ambalo hunyoosha mlinganyo kuzunguka makadirio ya sasa. Toleo hilo hufanya kazi vizuri kosa linapokuwa dogo, na hupotea kabisa kosa linapokaribia robo duara.

Pale ambapo h haijulikani vizuri na θ inatembea, mbinu ya kupokezana hufaa zaidi. Shika njia ya awamu uliyo nayo, izungushe data kurudi nyuma, kisha kadiria h kwa kutumia pakiti nzima. Halafu shika h hiyo na ukadirie njia ya awamu upya. Huu ndio moyo wa algoriti ya matarajio na ukuzaji, ambayo Dempster, Laird na Rubin waliipa jina na umbo la jumla mwaka 1977. Mtu akitaka kwenda mbele zaidi, kifumbuzi cha msimbo wa kusahihisha makosa huingizwa kwenye mzunguko, na data ambayo kimeshaiamini hutumika kama alama elekezi za ziada. Giulio Colavolpe, Alan Barbieri na Giuseppe Caire walionyesha mwaka 2005 namna ya kufanya hivyo kwa gharama ndogo, kwa kueleza imani kuhusu awamu kwa mgawanyo wa Tikhonov, ambao huhitaji namba moja changamano tu kwa kila hatua.

Hatari ya mbinu zote zinazoiegemea data ni kuteleza. Mpangilio wa nukta za QAM hufanana na wenyewe ukizungushwa nyuzi 90, kwa hiyo kikadiriaji kinaweza kujishikiza robo duara pembeni na kuendelea kwa utulivu kamili, kila uamuzi ukiwa na makosa na kila kipimo cha ndani kikionyesha heri. Alama elekezi zilizotawanywa katika pakiti nzima, hata zikiwa chache, ni kinga bora kuliko rundo moja lililowekwa mwanzoni.

Kwa nini kuongeza nguvu ya kutuma hakusaidii?

Kwa sababu kosa la awamu huzidishwa na ishara yenyewe. Ukiongeza nguvu, kelele za joto hubaki nyuma, lakini kosa la awamu hupanda pamoja na ishara, na ubora hugonga dari. Makadirio yaliyochelewa kwa mikrosekunde 8.33 kwa osileta yetu huweka dari hiyo kwenye desibeli 22.8, hata kituo kikiwa hatua mbili kutoka kwa mtumiaji.

Katika 5G kazi hii hufanywaje?

Kuna alama elekezi za aina mbili zinazogawana kazi. Alama za kukadiria chaneli yenyewe zimesambaa kwa wingi kwenye masafa, lakini huonekana katika simboli chache tu za kila kipindi. Alama za kufuatilia awamu, ambazo viwango vinaziita PT-RS na ambazo zimekuwamo tangu Toleo la 15, zimepangwa kinyume chake: kibebaji kidogo kimoja katika kila mabloku mawili au manne ya rasilimali, kila bloku likiwa na vibebaji vidogo 12, lakini kwa muda zinaweza kuwamo katika kila simboli, au kila ya pili, au kila ya nne. Mpangilio huo unatokana moja kwa moja na muundo uliokwisha elezwa, yaani pembe moja ya pamoja inayosogea haraka, juu ya chaneli pana inayosogea polepole.

Antena zikiwa nyingi, ni bora zishiriki osileta moja au kila moja iwe na yake?

Osileta moja ikilisha antena zote, mfumo mzima huzunguka kwa pamoja, na pembe moja inatosha kuurudisha. Kila antena ikiwa na yake, kuna pembe nyingi za kufuatilia. Kwa upande wa antena 4 kutuma na 4 kupokea kuna osileta 8, na tofauti 7 za awamu zinazoweza kupimwa, kwa sababu mzunguko wa pamoja unaweza kuhesabiwa upande wowote. Hata hivyo hizo 7 ni chache kuliko vigezo 16 vya chaneli, na kuzifuatilia peke yake bado ni nafuu kuliko kupima chaneli yote upya.

Katika safu kubwa za antena, osileta tofauti zina fadhila isiyotarajiwa. Makosa yao hayategemeani, hivyo yanapojumlishwa hupozana. Kinachobaki ni kupungua kwa faida ya safu kwa kiasi cha e kwa kipeo cha −σ². Antena 100 zenye mkengeuko wa radiani 0.5 kila moja, ambao ungeiangamiza QAM-64 kwenye antena moja, hupoteza desibeli 1.1 tu kati ya 20 za faida ya safu. Emil Björnson, Michail Matthaiou na Mérouane Debbah walithibitisha mwaka 2015 kwamba kwa osileta tofauti variansi ya kelele za awamu inaweza hata kuachwa ikue sawia na logarithimu ya idadi ya antena, jambo ambalo osileta ya pamoja hairuhusu. Kwa mtazamo wangu matokeo hayo ni faraja kwa yule ambaye antena zake zimetawanyika na hana namna ya kuziunganisha kwa waya mmoja wa saa. Mwenye antena zilizo kwenye ubao mmoja bado anapata urahisi zaidi kwa osileta moja nzuri inayofuatiliwa vyema.

Nitajuaje kwamba tatizo langu ni awamu na si kelele za kawaida?

Chora nukta zilizopokelewa baada ya kusawazisha, yaani baada ya kuondoa athari ya h iliyokadiriwa. Kelele za joto huifanya kila nukta kuwa wingu la mviringo lenye ukubwa ule ule popote ilipo. Kosa la awamu huchora matao kuzunguka kitovu, na matao ya nukta za nje huwa marefu kuliko ya ndani. Katika OFDM mchoro huo unaweza kukudanganya, kwa sababu mwingiliano wa vibebaji ni jumla ya michango mingi na wingu lake ni la mviringo vilevile. Hapo ongeza nguvu ya kutuma huku ukihakikisha kipaza nguvu hakijafika ukomo wake: wingu likisinyaa, zilikuwa kelele za joto, lisiposinyaa, shuku osileta.

Ni makosa gani hufanyika zaidi katika uigaji wa kompyuta?

La kwanza ni kuipa kila simboli ya OFDM pembe moja isiyobadilika ndani yake. Uigaji wa namna hiyo una mzunguko wa pamoja peke yake, na mwingiliano wa vibebaji umefutwa bila mtu kujua, kwa hiyo matokeo huwa mazuri kupita kiasi. Awamu lazima izalishwe kwa kila sampuli, kabla ya badiliko la Fourier la kipokezi.

La pili ni kuanzisha θ upya kutoka sifuri mwanzoni mwa kila simboli. Osileta haipumziki kati ya simboli, wala wakati wa kipande cha kinga, wala pakiti inapokuwa imenyamaza; mwendo wake hauna budi kuendelezwa katika vipindi vyote hivyo. La tatu ni kuweka kelele upande wa kipokezi pekee, ilhali variansi za pande mbili hujumlishwa.

Kabla ya kuingiza chaneli yoyote, ni vyema kuupima uigaji wenyewe kwa hali ambayo jibu lake linajulikana: zima kelele za joto, weka h iwe 1, tumia upana wa mstari wa hezi 100 na simboli za mikrosekunde 66.7, kisha ondoa mzunguko wa pamoja. Kosa la vekta linalobaki linapaswa kuwa karibu asilimia 8.4. Likitokea karibu na 11.8, inaelekea umechanganya maana mbili za upana wa mstari, kwani baadhi ya waandishi hupima upana wote kwenye nusu ya nguvu, na wengine hupima upande mmoja tu kutoka katikati, na hao wa pili huandika variansi kuwa 4πβT.